Jicho la Nyuma

Kwa miaka saba Abdénago Chaparro alimjua binti yake kwa mgongo.

Kila alfajiri, kabla jua halijapata nguvu ya kuunyanyua ukungu juu ya ziwa Tota, Nidia alitoka na baiskeli yake, na baba akatoka nyuma yake na pikapu ya vitunguu majani, taa zimewashwa, gia ya pili, taratibu kama gari la harusi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa kati ya binti na malori. Dereva wa lori la vitunguu anayewahi soko la Bogotá hapishi hata msafara wa mtakatifu, sembuse msichana juu ya magurudumu mawili membamba.

Mgongo ule Abdénago aliusoma kama mkulima anavyosoma mawingu. Bega la kushoto likishuka, Nidia amechoka na hatasema. Shingo ikizama mabegani, upepo umegeuka unatoka ziwani. Akisimama juu ya pedali kabla ya kufika kanisani, basi leo kaamka vizuri, na Abdénago naye huku nyuma mkono ungemwashawasha agonge usukani kwa furaha. Uso wa binti alikutana nao mezani tu, tena ukiwa umeinamia bakuli la supu ya viazi au umemezwa na simu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na wa umri huo hawapendi kutazamwa wakila.

Asubuhi zenyewe zilifanana na usingizi usiokwisha. Ukungu wa Tota hauji. Ukiamka unaukuta umeshakaa. Mashamba ya vitunguu yalishuka mpaka majini bila mtu kuona yanaishia wapi. Ndani ya pikapu kulinukia vitunguu na sufu mbichi ya ruana yake, joho zito la watu wa milimani, na Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva, alining'inia kwenye kioo akiyumba taratibu. Mara nyingine Abdénago alifika nyumbani akajiuliza kama kweli ameendesha, au ameota tu kwamba ameendesha.

Ndipo Mwalimu Hermógenes, kocha wa klabu ya Nidia, alipopanda kutoka Sogamoso akiwa na kisanduku kwapani.

"Don Abdénago, njoo uone maajabu," alisema, akazipanga kamera mbili juu ya meza ya jikoni, ndogo kama viberiti. "Hii ya kwenye kioo cha gari, hii ya kwenye usukani wa baiskeli. Zote zinaongea na simu. Mkirudi nyumbani unafungua programu, unabonyeza hapa, picha zinanifikia mimi kule chini. Nataka niione barabara kama anavyoiona yeye. Anaingiaje kona, anashika breki wapi."

"Na hii ya gari?"

"Hiyo inionyeshe miguu yake kwa nyuma. Halafu siku lori likikugonga, una ushahidi."

"Lori likinigonga, Mwalimu, ushahidi huo nitamwonyesha Mtakatifu Petro."

Flor Alba, mkewe, alicheka huku akigeuza mikate ya mahindi na jibini juu ya bamba la moto. Kocha akaeleza tena, polepole, kwamba kila kamera ina macho mawili, moja la mbele na moja la nyuma, na simu ndiyo inayoamua jicho gani lifumbuke. Abdénago aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mtu anayeitikia kila sentensi, ujue hajashika hata moja.

Kesho yake, kabla hata chakula cha mchana hakijaiva, simu ikalia.

"Don Abdénago! Mimi nimeomba barabara, wewe umeniletea pua!"

"Pua gani?"

"Ya binti yako! Mazoezi mazima natazama matundu ya pua. Umefumbua jicho la nyuma, mzee wangu. Hebu geuza."

"Lo! Usimwambie, Mwalimu. Ataona haya."

"Simwambii. Ila kesho nipe lami."

Abdénago alikata simu akaifungua programu ili aifute ile picha. Lakini kidole kikagusa kwingine, picha ikaanza kucheza, naye akajikuta amevuta kigoda karibu na jiko. Flor Alba akaja kusimama nyuma yake, unga mikononi.

Uso wa Nidia ulijaza kioo chote cha simu, ukionekana kutoka chini kidogo, matone ya ukungu yamening'inia kwenye kope. Yeye alionekana ametulia mahali pamoja, dunia ndiyo iliyokuwa ikimiminika kurudi nyuma yake: uzio, mikaratusi, ukuta mweupe, ng'ombe mmoja, kisha ukungu mtupu. Na juu ya bega lake, mbali, taa mbili hafifu zilimfuata bila kumkaribia wala kumwacha. Abdénago alizitazama sana kabla ya kutambua kwamba ni za gari lake mwenyewe.

"Anaongea," alisema Flor Alba.

Kweli. Midomo ilikuwa ikienda. Sauti haikusikika, upepo tu uliokuwa ukivuma, lakini midomo ilienda mfululizo, mara ikitabasamu, mara ikikaza kama mtu anayegombana.

"Anaongea na nani?"

"Labda anasali."

"Nidia? Jumapili hamalizi hata Baba Yetu moja!"

Siku ile alilifungua jicho la mbele kama alivyoagizwa. Lakini alikuwa ameshagundua, kwa kubonyezabonyeza, kwamba macho yote mawili yanaweza kufumbuka kwa pamoja. Kuanzia hapo barabara alimtumia kocha, na uso akabaki nao mwenyewe.

Nia yake haikuwa mbaya. Kila siku baada ya kufunga matita ya vitunguu alikwenda kukaa nyuma ya banda la kuoshea, akavuta ruana mpaka kwenye masikio, akatazama. Alijifunza uso ule kama alivyowahi kujifunza mgongo. Aliona jinsi anavyong'ata ulimi mlimani, anavyocheka peke yake akipita kwa bata wa Bi Tránsito, na jinsi kwenye mteremko uso wake ulivyofunguka ukawa tena ule wa mtoto mchanga anayeogeshwa. Kuna siku alijikuta anatokwa na machozi bila sababu, akavisingizia vitunguu.

Halafu siku moja akaona kitu kilichomkata maini.

Ilikuwa pale barabara inaponyooka kando ya maji, baada ya daraja dogo. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Nidia alivuta pumzi, midomo ikatulia, na macho yakafumba. Hayakupepesa, yalifumba. Baiskeli ikaendelea. Akafumbua, akatabasamu, akafumba tena.

Abdénago alirudisha picha nyuma mara tatu. Akatafuta picha za siku zilizotangulia. Zote zilikuwa hivyohivyo: pale pale, kila siku yenye ukungu, binti yake aliendesha baiskeli kando ya ziwa huku amefumba macho, naye baba mtu yuko nyuma, anatazama mgongo uliotulia, anajisemea kwamba leo mtoto yuko shwari.

"Muulize," alisema Flor Alba alipoelezwa.

"Nimuulize nini? Nimwambie nimeonaje?"

"Mwambie ukweli. Mbona rahisi?"

"Rahisi kwako."

Hakumuuliza. Wanaume wa nyanda zile wanaweza kuongea na ng'ombe asubuhi hadi jioni, lakini neno moja la moyoni kwa mtoto huwakwama kama mfupa wa samaki. Akaamua kwamba atamzindua tu. Atamzindua kwa wema.

Asubuhi iliyofuata, walipovuka daraja dogo, aliona mgongo umetulia ule utulivu anaoujua. Akapiga honi.

Nidia alishtuka mwili mzima. Aligeuza shingo, gurudumu la mbele likatoka kwenye lami, na baiskeli ikaingia shambani ikiruka matuta, ikamtupa katikati ya vitunguu. Abdénago alitoka mbio bila kufunga mlango. Alimkuta ameketi, majani mabichi yamemganda kwenye nywele, ameushika mkono wa kushoto kama anayebeba kitoto.

"Mfupa wa mtulinga," alisema Nidia, meno yakigongana. "Umevunjika, baba. Nimeusikia."

Njia ya kushuka hospitali ya Sogamoso ina kona nyingi, na katika kila kona Nidia alikuwa akivuta pumzi kwa meno. Walipofika nusu ya njia akauliza:

"Honi ilikuwa ya nini?"

"Kulikuwa na mbwa."

"Hakukuwa na mbwa."

"Wewe ungejuaje, na macho umefumba!"

Neno likishatoka limetoka. Abdénago alilisikia likizunguka ndani ya gari, hakuwa na pa kulishika. Nidia aligeuka polepole, kwa sababu ya mfupa, akamtazama.

"Nimefumba, sawa. Wewe uko nyuma yangu. Umeyaonaje macho yangu?"

Ikabidi aseme. Alisema vibaya, kwa vipandevipande, akitazama barabara: jicho la nyuma, banda la kuoshea, siku zote zile.

"Mwalimu anajua?"

"Aliona mara moja tu, bahati mbaya. Mimi ndiye... niliendelea."

"Nilidhani niko peke yangu," alisema Nidia. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma baba yake kuliko makelele. "Nyumba nzima mko juu yangu, klabu nzima wako juu yangu. Pale tu ndipo nilikuwa peke yangu."

Baada ya hapo aliacha kusema naye. Kwa lazima ya mezani alisema "chumvi" au "mlango." Hata lile neno tamu la heshima, sumercé, wanaloitana watu wa mkoa wa Boyacá kutoka utotoni mpaka kaburini, akalitoa kinywani, akawa anamwambia baba yake "wewe" kavu. Alikaa dirishani na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akiangalia ukungu ukiingia na kutoka. Mashindano ya mkoa yaliyokuwa karibu yakampita. Kocha alileta machungwa, akasikitika, akasema kutakuwa na mengine kabla ya mwaka kwisha.

Abdénago aliendelea kuamka alfajiri kwa mazoea. Hakuwa na wa kumsindikiza, kwa hiyo alipakia vitunguu akashuka sokoni mapema. Na kwa kuwa kamera ya kwenye kioo hakuna aliyekumbuka kuing'oa, nayo ilisafiri naye.

Hapo ndipo Nidia, siku moja ya kuchoka na dirisha, alipoichukua simu ya baba yake iliyosahaulika kwenye kochi. Alifungua programu kwa hasira. Zamu yangu, alijisemea. Akafungua jicho la nyuma la kamera ya gari, lile linalotazama ndani, akairudisha simu pale pale.

Kesho yake mchana, baba akiwa shambani, alimwita mama yake. Wakakaa wawili na simu.

Ndani ya pikapu hakuna upepo, sauti ilikuwa safi kabisa. Abdénago alionekana na kofia yake, uso mpana, ndevu za siku mbili, akiendesha na kuzungumza na Bikira wa Karmeli.

"Hivi nikimwambia hivi, itakuwaje? 'Mwanangu, baba yako ni mjinga.' Hapana, anajua. 'Mwanangu, nilikuwa sijawahi kukuona.' Ee, hiyo." Akaingia kona, mwili mzima ukiinama kama yeye ndiye aliye juu ya baiskeli. "Hapana, hiyo itamliza. Halafu nitalia na mimi, halafu mama yake atacheka." Ukungu ulipita dirishani nyuma ya kichwa chake. "Mama Bikira, wewe una mtoto. Ulikuwa unamwambiaje?"

Flor Alba alicheka kweli, akijifuta macho kwa aproni. Nidia alijaribu kutocheka, kwa sababu ya mfupa, ikashindikana. Akawa analia na kucheka na kuugulia kwa wakati mmoja.

"Huyu mzee," alisema. "Kila siku hivi?"

"Nyumbani anafanyia mazoezi kwa kuku," alisema mama yake.

Alfajiri iliyofuata Abdénago alipofungua mlango wa pikapu alimkuta Nidia ameshakaa kiti cha abiria, amejifunika blanketi.

"Na mkono huo unakwenda wapi?"

"Njia yetu. Endesha."

Waliondoka. Barabara mbele yao ilikuwa tupu, na Abdénago, aliyezoea kuwa na mgongo mbele ya macho, hakujua atazame wapi. Walipovuka daraja dogo Nidia akasema, "Gia ya pili. Punguza. Hapohapo. Sasa sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Injini. Ina kigugumizi, umewahi kukisikia? Pu-pu-puu. Wewe unakaa katikati ya barabara siku zote, hujawahi kuyumba hata siku moja. Sauti ikiwa sawa kwenye masikio yote mawili, najua niko katikati. Ikizidi sikio la kulia, nasogea kulia. Sihitaji macho."

"Na kwa nini ufumbe?"

"Kwa sababu kwenye ukungu ukifumbua hakuna kitu, ukifumba kuna kila kitu." Alifikiri kidogo. "Naliona ziwa kwa chini. Kama naendesha ndani ya maji, na samaki wanapisha. Siwezi kueleza. Simama, shuka."

"Nishuke?"

"Shuka, baba. Mimi nashika usukani, mkono wa kulia mzima. Wewe nenda mbele, fumba macho, tembea."

Pengine angekataa siku nyingine. Lakini ukungu ulikuwa umefuta barabara, na mashamba, na miaka yenyewe, na ilionekana hakuna anayewaona isipokuwa bata. Alishuka, akapita mbele ya taa, akajifunga ruana, akafumba macho.

Hatua za kwanza alitembea kama mlevi, mikono mbele. Kisha injini ikanguruma nyuma yake kwa gia ya kwanza, pu-pu-puu, na akaihisi mgongoni kabla ya masikioni, kama mtu aliyemwekea kiganja. Mikono ikashuka yenyewe. Akatembea. Baridi ilimgusa kope. Harufu ya vitunguu ilikuja kutoka kushoto na ya maji kutoka kulia, naye akapita katikati yake. Hakuona samaki, aliona, sijui kwa nini, uwanja wa nyumba ya mama yake, nguo zimeanikwa, jua limejaa. Hakujua ametembea kiasi gani. Alitamani barabara isiishe.

Injini iliponyamaza alifumbua macho, akarudi gari lilipo. Nidia alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani.

"Sasa fikiria nikupigie honi," alisema bila kuinua kichwa.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusikia ukiniomba. Ulimwambia Bikira."

Ilimchukua muda Abdénago kuelewa. Alipoelewa alishika tama, akaitazama ile kamera kwenye kioo, kisha binti yake, masikio yakimwiva kwa aibu.

"Ebo! Umeniona na kile kipande cha kuimba?"

"Cha kuimba nitakiweka kwa ajili ya harusi yangu. Tuko sawa sasa, sumercé."

Wakageuza gari. Njiani, alipoona mambo yamekaa vizuri, Abdénago akathubutu kuuliza lile lililokuwa likimla tangu mwanzo: midomo ile ilikuwa ikisema nini? Nidia aliona haya zaidi ya alivyowahi kuona. Halafu akakaza sauti ikawa nzito na ya haraka, sauti ya mtangazaji wa mbio redioni, na pikapu ikajaa waendeshaji ambao hawapo popote duniani: Mbelgiji mwenye kikohozi, Mtaliano anayelia kila akipanda, na msichana mmoja wa Tota anawapita wote kwenye kilele cha El Crucero huku umati ukipiga makelele. Abdénago alicheka mpaka ikabidi asimame pembeni.

Mtulinga uliunga. Kabla hajarudi barabarani Nidia aliweka sharti, na baba yake akaweka lake. La Nidia: jicho la nyuma lisifumbuke tena kwenye usukani wake mpaka yeye mwenyewe aseme. La Abdénago: kwenye mashindano, ambako hakuna pikapu ya vitunguu nyuma, macho yawe wazi mwanzo hadi mwisho. Walipeana mikono kama wafanyabiashara wa ng'ombe, na Flor Alba akawa shahidi.

Mwezi wa Novemba Nidia alishindana mjini Duitama, chini ya mvua. Alimaliza wa sita. Kocha alitazama picha za kona zake jioni nzima, na wiki chache baadaye timu moja ya wanawake ya huko ikamwita akaishi na kufanya mazoezi nao. Aliondoka siku ya Jumatatu na begi moja, baiskeli, na mfuko wa mikate ya mama yake.

Jumanne Abdénago hakuamka alfajiri. Flor Alba alimsikia akigeuka, akanong'ona kitu, akazama tena usingizini, naye akamwacha. Alilala mpaka jua likapanda juu ya blanketi. Alipotoka nje ukungu ulikuwa umekwisha kuinuka, na ziwa lote, toka ufuko huu mpaka ule, lilikuwa wazi mbele yake, la buluu, kubwa kuliko alivyolikumbuka. Alisimama pale na kikombe cha maji ya sukari guru yenye kipande cha jibini, akalitazama mpaka kikombe kikapoa. Kisha akachukua kisu, akashuka kwenda kukata vitunguu.